Kauli moja iliyotugharimu magunia 120

Muhtasari wa kikao chetu cha Julai 2017 ninao bado. Niliuandika kwa mkono wangu, na mstari wake wa mwisho unasema: "Wajumbe wote waliafiki kwa kauli moja." Mikono yote 24 ilikuwa juu, niliihesabu mwenyewe. Miezi tisa baadaye tulikuwa tumepoteza shilingi 3,210,000 za akiba yetu, na ndipo nilipokuja kugundua kwamba wengi wa walionyanyua mikono siku ile hawakuwa wameafiki chochote.

Nayaandika haya kwa ajili ya yeyote anayeshika daftari au kiti cha kikundi kidogo: VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa), chama cha kufa na kuzikana, kikundi cha wakulima, kamati ya kanisa au msikiti, hata ndugu wanaokaa kupanga harusi. Ningeambiwa haya mapema, fedha za watu zisingepotea, na watu wawili ninaowapenda wasingeondoka kikundini.

Kikundi chetu kipo Uyole, Mbeya, pale barabara ya Tukuyu na Kyela inapochepuka kutoka barabara kuu iendayo Tunduma. Tulikuwa na sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, hisa kila Jumamosi, mfuko wa jamii, na faini kwa wachelewaji. Mambo ya fedha tuliyafuata kwa makini sana. Hakuna aliyewahi kutufundisha namna ya kuamua. Tulidhani kuamua ni kunyoosha mkono tu.

Mwaka ule tulikubaliana tusigawane akiba yote, tufanye biashara ya pamoja. Jumamosi ya kikao ilikuwa na baridi ile ya Julai ya Uyole ambayo vidole vinakataa kushika kalamu. Tulichelewa kuanza, jua lilikuwa linazama, akina mama walikuwa wanawaza kuni na chakula cha jioni. Mwenyekiti wetu, mzee anayeheshimika na ambaye hakuna aliyewahi kumwona akila senti ya mtu, alifungua ajenda hivi: "Ndugu zangu, mimi nimeshafikiria. Tununue mahindi sasa hivi bei iko chini, tuhifadhi, tuuze Januari. Mmeona wenyewe Januari hii gunia lilivyopanda." Mweka hazina akasema anaunga mkono. Kijana mmoja akaunga mkono. Mwenyekiti akauliza, "Kuna mwenye neno?" Kimya. "Basi wanaokubali wanyooshe mkono." Nikahesabu, nikaandika, tukafunga kwa sala. Fedha zote zile ziliamuliwa ndani ya dakika ishirini.

Mama mmoja anayeuza ndizi pale njia panda alikuwa wa mwisho kunyoosha. Nilimwona akitazama chini, halafu akatazama kulia na kushoto, kisha mkono ukapanda polepole. Nikaona ni uchovu wa siku.

Hesabu naziweka wazi. Tulinunua magunia 120 kwa shilingi 48,000 kila moja, jumla 5,760,000. Usafiri, vibarua, magunia matupu na dawa ya kuhifadhia vilikula 520,000. Pango la stoo lilikuwa 40,000 kwa mwezi, kwa miezi minane 320,000. Jumla shilingi 6,600,000. Januari ilifika, bei haikupanda. Februari ikashuka. Mvua zilileta unyevu, magunia yaliyogusa ukuta yakaota ukungu, na dumuzi wakaingia. Ukiweka sikio kwenye gunia ulisikia wanavyotafuna. Machi 2018 tuliuza magunia 113 yaliyobaki kwa 30,000. Tulipata 3,390,000.

Ukigawa hasara ile kwa watu 24 ni shilingi 133,750 kila mmoja. Kwangu ilikuwa ada ya chuo cha ufundi ya mtoto wangu wa pili, akakaa nyumbani mwaka mzima. Sikulala vizuri kwa muda mrefu. Nilikuwa nikikutana na mwanakikundi mwenzangu barabarani, kila mmoja anajifanya anaangalia simu.

Kitu kimoja kiliniumiza kuliko bei. Oktoba, dalali mmoja alikuja na 44,000 kwa gunia. Tungeuza siku ile, hasara yetu ingekuwa ndogo ya kuvumilika. Tulikataa, na sababu tuliyoitoa ilikuwa kwamba tumeshatumia fedha nyingi mno kuuza kwa hasara. Fedha iliyokwisha kutoka ilituamulia juu ya fedha iliyobaki. Hatukuwa tumeandika popote ni bei gani ikifika tunauza, kwa hiyo kila siku tulisema tungoje kidogo.

Aprili tulikuwa msibani, tumekaa na mama wa ndizi tunamenya viazi. Tukamenya weee, kisha akasema bila kuniangalia: "Katibu, mimi nilijua." Mkwe wake alikuwa utingo wa malori ya Tunduma. Mwezi Juni 2017 serikali ilikuwa imezuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, na mkwe alikuwa amemwambia kwamba mzigo wa mahindi hauvuki mpakani. Mama huyu alijua, wiki kadhaa kabla ya kikao, kwamba mahindi yetu ya Nyanda za Juu Kusini yatabaki humu humu na bei haitakuwa na pa kwenda. Nikamuuliza mbona hakusema. Akanijibu: "Ningesemaje, mwenyekiti ameshasema? Na mimi muuza ndizi."

Nilikwenda nyumbani na jibu lile kama jiwe kifuani. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wazee walisema, lakini mimi niliyekuwa na kazi ya kuandika kila kinachosemwa sikuwahi kuuandika ukimya wa mtu.

Wiki tatu zilizofuata nilimtembelea kila mwanakikundi, mmoja mmoja, nyumbani au gengeni kwake. Swali langu lilikuwa moja: "Siku ile ya mahindi, ulikuwa unajua nini, au ulikuwa unawaza nini?" Kati ya watu 23, 8 walikuwa wamekubali kweli kweli. 9 walikuwa na mashaka lakini hawakuwa na la kushika, wakaona bora wafuate wengi. Na 6 walikuwa na habari kamili mkononi. Mbali na mama wa ndizi, kijana anayepakia mizigo alijua kwamba stoo ile huvuja upande wa nyuma na haina chaga za kupangia magunia. Mzee mmoja alikumbuka kwamba mwaka 2011 pia mahindi yalizuiwa kuuzwa nje ya nchi. Mama mwingine aliona yalipokuwa yanashushwa kwamba hayajakauka sawasawa. Kila mmoja alidhani yeye peke yake ndiye mwenye wasiwasi.

Kikundi chetu hakikukosa akili. Kila tulichohitaji kujua ili tusinunue, au tununue kidogo, kilikuwa kimekaa kwenye viti vile jioni ile, kimevaa sweta, kinangoja kuulizwa.

Mpwa wangu aliyekuwa anasoma chuo alinisikiliza nikisimulia, akaniambia jambo hili limepimwa na wataalamu. Mwaka 1985 Wamarekani wawili, Garold Stasser na William Titus, waliwapa wanafunzi kazi ya kuchagua mgombea mmoja kati ya watatu. Waligawa habari za wagombea kwa makusudi: nyingine kila mtu alizijua, nyingine alizijua mtu mmoja tu katika kikundi. Ukiziunganisha zote, mgombea bora anaonekana waziwazi. Vikundi vingi havikumchagua, kwa sababu vilijadili zaidi yale ambayo wote walikuwa wanayajua tayari. Akaniambia pia habari za Solomon Asch, aliyewaonyesha watu mstari mmoja na mingine mitatu kwenye kadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuwauliza upi kati ya hiyo mitatu unalingana na ule mmoja, huku wenzao waliopangwa wakijibu kosa kwa sauti. Watu watatu kati ya wanne walifuata kosa lile angalau mara moja, japo macho yao yaliona. Lakini akitokea mwenzao mmoja tu wa kusema kweli, ufuataji ule ulipungua sana. Nilimwomba arudie hapo pa mwenzao mmoja. Nilikuwa namfikiria mama wa ndizi.

Sasa nieleze kosa langu kubwa zaidi, kubwa kuliko la mahindi. Kikao cha Juni 2018 nilisimama nikasoma mbele ya wote yale niliyoyakusanya. Nilidhani natenda haki. Mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho, akachukua kofia yake, akaondoka, na hakurudi kwa miezi miwili. Mama wa ndizi alilia, kwa sababu aliniambia mimi, hakuliambia kundi. Katika wiki zile ndipo wanachama wawili walipojitoa. Ukitaka kubadili namna kikundi kinavyoamua, usimvue nguo mzee hadharani. Hata kama una haki, utakuwa umewafundisha wote waliobaki kwamba anayesema ukweli huvunja nyumba.

Nilimfuata bibi, mwanachama wetu mkubwa kuliko wote, nikamwomba anisindikize kwa mwenyekiti. Tulikwenda jioni na kilo mbili za sukari. Bibi ndiye aliyeanza kuongea, kwa Kisafwa, taratibu. Nami nikaomba radhi kwa kumwaibisha. Sikuomba radhi kwa yale niliyoyasema, na yeye hakuniomba nifanye hivyo. Alikaa kimya, kisha akasema: "Miaka yote hii nilidhani mkinyamaza mmeridhika. Na mimi nilikuwa nasema kwanza ili niwasaidie, nione mnapata pa kuanzia." Nilimwamini. Wenyeviti wengi wanaongea kwanza kwa nia njema kabisa. Tukamwomba jambo moja tu: awe wa mwisho kusema. Akakubali, na akaongeza yeye mwenyewe kwamba asiulizwe anapendelea nini hata pembeni, kabla ya kikao.

Badiliko hilo moja lilitusaidia kuliko yote yaliyofuata. Ukichukua kitu kimoja hapa, chukua hicho.

La pili lilikuwa swali. Tuliacha kuuliza "Kuna mwenye neno?" maana jibu lake ni kimya, na tuliacha kuuliza "Una maoni gani?" maana jibu lake ni "naunga mkono aliyetangulia." Tunazunguka, kila mtu anajibu: "Unajua nini kuhusu jambo hili ambacho huenda mwenzako hakijui?" Tunaanza na aliyejiunga karibuni zaidi. Hakuna kujadili wala kubishana mpaka mzunguko uishe. Anayesema "sina" anaruhusiwa, lakini tunarudi kwake mwishoni, na mara nyingi mara ya pili anacho. Bibi anaongea Kisafwa, mjukuu wa jirani anatufasiria. Kabla ya hapo bibi alikuwa hasemi kitu vikaoni, na sote tulidhani ni uzee.

Kupiga kura kulitusumbua. Tulitaka kura ya siri, na wengi wetu kuandika ni shida, kwa hiyo tukachukua punje: hindi ni ndiyo, haragwe ni hapana. Mara ya kwanza tulizunguka na bakuli wazi, kila mtu akaona mwenzake ametia nini, tukawa tumerudi kwenye mikono. Sasa kila mmoja anapewa hindi moja na haragwe moja, vyungu viwili vinakaa nyuma ya pazia. Kimoja ni cha kura, cha pili ni cha kutupia punje iliyobaki, ili usitoke na kitu mkononi. Jumla ya punje kwenye chungu cha kura lazima ilingane na idadi ya waliohudhuria. Tukishahesabu, tunamwomba yeyote aliyetia haragwe, akiwa tayari, aeleze sababu, nami naiandika. Hatumlazimishi.

Halafu tukazidisha. Tulipiga kura za punje mpaka kwa mambo ya kununua daftari na ufagio. Vikao vikawa vinachukua saa nne nzima, watu wakaanza kutokuja, na akidi ikakosekana mara mbili. Tukaweka mpaka: jambo lisilozidi laki moja na linaloweza kurekebishwa wiki ijayo, viongozi waamue wakatoe taarifa. Jambo kubwa, au lisilorudi nyuma, linapita vikao viwili tofauti. Kikao cha kwanza tunasema tunachokijua tu. Cha pili, wiki moja baadaye, ndipo tunaamua. Siku saba zile watu huuliza waume zao, wake zao, wakwe zao wa Tunduma.

Kati ya vikao hivyo viwili tuna zoezi ambalo mpwa alilipata kwa mtafiti wa Marekani, Gary Klein. Sisi tunaliita matanga ya mapema. Mwenyekiti anasema: "Tuchukulie mwaka umepita, jambo hili limekufa, tumekaa matangani. Limekufa kwa ugonjwa gani?" Kila mtu anataja ugonjwa mmoja. Nilishangaa jinsi lilivyofungua midomo. Ukimwambia mtu apinge wazo la mzee, anaona anamvunjia heshima. Ukimwambia ataje kilichoua, anasaidia.

Mwaka 2021 kulikuwa na wazo la kununua mashine ya kusaga iliyotumika. Wengi tuliipenda, na mimi niliipenda sana. Kwenye mzunguko, kijana wa bodaboda, mwezi wa pili tu tangu ajiunge, alisema kitongoji tulichokuwa tumechagua hakina umeme wa njia tatu, na mwenye kinu mwingine jirani alishindwa kwa sababu hiyo hiyo. Tulikwenda kuhakikisha, ikawa kweli. Wazo lilikufa pale pale, bila hata kura.

Nisingependa msomaji aondoke akidhani njia hii inazuia hasara. Julai 2022 mbolea ilikuwa imepanda kupita kiasi, na tulikuwa na fedha baada ya mavuno. Pendekezo lilikuwa tununue mifuko 40 ya DAP, mbolea ya kupandia, kabla haijapanda zaidi. Kwenye mzunguko, mama mmoja alisema amesikia redioni habari za bajeti kwamba serikali itaweka ruzuku. Wengine wakasema ruzuku huchelewa, msimu hautungoji. Mahindi yalikuwa 13, maharage 9. Kwa kura tungeweza kununua yote 40, lakini mwenyekiti, aliyekuwa wa mwisho kusema, alitazama maharage yale akasema: "Tisa ni wengi. Tununue nusu." Tukanunua mifuko 20 kwa 128,000.

Tarehe 8 Agosti, siku ya Nane Nane, Rais Samia alizindua mbolea ya ruzuku hapa hapa Uyole, kwenye viwanja vya John Mwakangale. Mfuko wa kilo 50 wa DAP ukawa shilingi 70,000. Kwa mifuko yetu 20, hiyo ni tofauti ya shilingi 1,160,000.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kikaoni na tumbo linaniuma. Nilikumbuka 2018, simu zile za kujifanya tunaziangalia. Mwenyekiti aliniomba nisome muhtasari wa Julai, wote, pamoja na sababu za waliotia haragwe. Nikasoma. Ruzuku, alisema fulani. Redio, alisema fulani. Kuchelewa kwa msimu, walisema fulani na fulani. Nikafika mwisho, ambapo sikuwa nimeandika kauli moja bali 13 kwa 9, tununue nusu.

Hakuna aliyesema alijua, kwa sababu aliyejua alikuwa ameshasema, na tulikuwa tumemsikia. Wakakaa kidogo. Kisha mama wa ndizi, ambaye siku hizi hangoji mzunguko umfikie, akauliza: "Hiyo fedha ya mifuko ishirini tuliyoiacha ipo sandukuni. Ruzuku wanataka mkulima aliyeandikishwa. Nani hapa bado hajajiandikisha?"

Mikono kumi na mmoja ikapanda. Nikaiandika, jina kwa jina.